Niache Kazi ama Nikae? Hatua za Kufuata Kabla Barua Haijafika kwa HR

Kila mwezi ni vilevile. Mshahara unaingia, renti inaondoka nao, na ikifika kama tarehe sita hivi simu yangu inaanza kulia. Nimefanya hesabu za mishahara kwa kampuni za Industrial Area hapa Nairobi miaka tisa, kwa hivyo watu wa ploti, wa kanisa, hadi makanga mmoja wa stage yetu ya Donholm wanajua mimi ndio wa kuulizwa. Na maswali hayabadiliki: nimechoka, nitume barua leo? Wanaweza kunizuia? NSSF yangu, ile akiba ya uzeeni, nikiacha kazi natoa? Nimejibu hadi mdomo umechoka, sasa nimeandika mara moja, soma yote halafu kama bado uko na swali ndio upige.

Maoni yangu niyaseme mapema, ndio usiseme nilikuficha. Wengi nimeona wakiondoka walikuwa na sababu nzuri lakini wakaondoka siku mbaya, na wengi waliokaa hawakukaa juu wanaipenda kazi, walikaa juu ya deni, halafu miaka ikipita wanaanza kuliita hilo deni uaminifu. Hizi hatua ni za kukusaidia ujue wewe uko upande gani.

Vitu uwe navyo kabla ya kuanza

- Mkataba wako ama barua ya kuajiriwa, ile yenyewe, sio venye unaikumbuka. Kama hukupewa, andika hivyo.
- Peslipu tatu za mwisho.
- Taarifa ya Sacco (chama chenu cha akiba na mikopo), ya benki, na ya HELB (mkopo wa chuo) kama bado unalipa.
- Daftari na kalamu. Usitumie kompyuta ya ofisi kwa hii kazi, tafadhali, nimeona mtu akiitwa na HR juu aliacha wasifu wake kwa printa.
- Wiki mbili. Kama huna wiki mbili basi hii inaitwa dharura, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 8.

Nadharia ni kidogo tu. Kuna profesa Mmarekani anaitwa Mark Savickas ambaye amesoma sana venye watu hujipanga kazi ikibadilika. Anasema kuna vitu vinne: kuijali kesho yako, kushika usukani mwenyewe, udadisi, na kujiamini. Mwaka wa 2012 yeye na mwenzake Porfeli walitoa maswali 24 ya kupima hivyo vitu, yakajaribiwa nchi 13. Watafiti wengine, Mitchell na wenzake, mwaka wa 2001 wakaligeuza swali la kawaida: badala ya kuuliza kwa nini watu huondoka, wakauliza ni nini huwashika wakabaki. Tutatumia zote mbili, usiogope, sio darasa.

Hatua 1. Usiandike barua ukiwa na hasira

Mimi nilifanya hii makosa. Supavaiza alinitukana mbele ya watu kwa mkutano wa asubuhi, saa tano nikachukua mkoba nikatoka, nikatembea kutoka Enterprise Road nikijisikia shujaa kweli kweli. Mwisho wa mwezi ndio nikajua. Nilikuwa nalipwa kwa mwezi, na mtu wa hivyo akitaka kuondoka kwa sheria ya Kenya anatoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, ama zaidi kama mkataba unasema hivyo, na asipotoa analipa mshahara wa hizo siku. Kwa hivyo ile siku ya ushujaa ilinigharimu karibu mwezi mzima, na ule mwezi nilikuwa nimeahidi karo ya mdogo wangu.

Lee na Mitchell waliandika kuhusu hii 1994: sio kila mtu huondoka juu ya uchovu wa polepole, wengine huondoka juu ya mshtuko mmoja, tusi, promosheni kapewa mwingine, ama hata ofa imekuja bila kuitafuta. Mshtuko unakuonyesha kitu cha kweli, sikatai, lakini hauchagui tarehe nzuri. Lala siku tatu. Andika kwa daftari kilichotokea, tarehe, saa, na nani alikuwepo, inaweza kukusaidia baadaye.

Hatua 2. Andika kinachokusukuma, kimoja kwa mstari

Kando ya kila mstari andika neno moja: mtu, pesa, kazi, safari, ama mwili. Halafu ujiulize, nikihamia kampuni ingine kesho, hii kitu itanifuata? Bosi mbaya hakufuati. Safari ya masaa mawili kutoka Rongai itakufuata kama kazi mpya iko tao. Kuchukia kazi ya mauzo itakufuata kila mahali utauza.

Kosa ninaloona sana ni mtu kuandika "pesa" kwa kila mstari juu pesa ndio inasemeka bila aibu. Dada mmoja aliniambia ni mshahara, tukaongea robo saa nzima kumbe ni supavaiza anamwita usiku. Nyongeza ya elfu tano isingetibu hiyo.

Hatua 3. Hesabu kamba zinazokushika

Hapa ndio kuna kazi, chukua kikombe cha chai.

Gawanya ukurasa mara tatu. Kwanza watu: nani kazini ungemkosa, nani anakuchukulia zamu mtoto akiugua, nani alikufundisha. Pili, unavyotoshea: hii kazi inaendana na maisha yako, imani yako, mwili wako, ama unajikunja kila asubuhi? Tatu, utakachopoteza: bima ya familia, siku za likizo, ile heshima ya kuwa mzee wa idara, chakula cha mchana cha kampuni (usicheke, piga hesabu ya mia mbili kila siku uone).

Halafu fanya hivyo tena upande wa nyumbani, na hapa ndio watu husahau. Shule ya watoto iko wapi, chama chako kinakutana wapi, ploti yako iko na maji ama utaenda kuanza vita na mitungi mahali pengine. Najua jamaa alikuwa anaendesha mashine ya kufunga bidhaa, akapata kazi Athi River ya elfu nane zaidi, akakataa. Watu walimcheka. Lakini bibi yake alikuwa na kibanda cha chakula karibu na geti ya ile kampuni, wateja ni wale wale wafanyakazi wenzake, na mtoto alikuwa anasoma dakika kumi kutoka hapo. Ile elfu nane ingekula kibanda na ingekula basi la shule. Alipiga hesabu kuliko sisi wote.

Sasa kamba mbaya. Sacco. Watu husema "siwezi acha, niko na mkopo" na hapo hapo wanafunga mazungumzo. Hebu fungua taarifa. Mkopo unakatwa kwa peslipu kila mwezi, ukiacha kazi haufi, unaanza kuulipa mwenyewe kutoka benki ama kwa simu, na usipolipa wanaenda kwa akiba yako halafu kwa wadhamini wako. Kwa hivyo swali ni: naweza kulipa nikiwa mahali pengine? Mara nyingi jibu ni ndio, ukiwaona Sacco mapema. Na usisahau upande ule mwingine, wewe umemdhamini nani? Kama umedhamini wenzako wanne na mmoja ameanza kuchelewesha, hiyo ni kamba pia, na hao wenzako wana haki ya kujua unaondoka.

Ukimaliza, zungushia kamba ambazo ungezifunga tena leo ukipewa nafasi. Hizo ndizo sababu zako za kukaa. Zenye hazijazungushiwa ni gharama za kuondoka, zipangie.

Hatua 4. Jipime kwa vile vinne vya Savickas

Mtu akiulizwa kama anajiamini atasema ndio, kwa hivyo hapa tunataka ushahidi wa miezi sita iliyopita.

Kesho: kazi unayofanya, ni sehemu gani yake mashine ama programu imeshaanza kuchukua, na umefanya nini kuhusu hiyo? Mimi nilianza na karatasi za masaa ya vibarua, saa hii watu wanaweka kidole kwa mashine, na wale wenzangu waliokataa kujifunza programu ya mishahara siwaoni tena kwa ofisi.

Usukani: taja uamuzi mmoja wa kazi uliofanya wewe, sio bosi, sio shangazi yako.

Udadisi: umeuliza watu wangapi nje ya kampuni yenu wanafanya nini na wanalipwaje? Kama ni sufuri, hiyo ndio shida yako kubwa na haitibiwi na barua.

Kujiamini: kitu gani hukujua Januari na leo unafanya bila kuita mtu?

Ukikosa jibu kwa mawili ama zaidi, usiondoke bado. Sio adhabu. Ukiruka ukiwa hivyo utachukua kazi ya kwanza itakayokuja, na mwaka ujao utanipigia tena.

Hatua 5. Jaribu kidogo ukiwa bado na mshahara

Omba kusaidia idara ingine wiki mbili. Mtafute mtu aliyeondoka kampuni yenu mwaka jana, mnunulie chai, umuulize ni nini hakutarajia. Kama uko na ufundi wa mikono bila cheti, pita NITA, ofisi ya serikali ya mafunzo ya viwandani, uulize kuhusu trade test (mtihani wa ufundi), iko Industrial Area hapo hapo Commercial Street, unaanza gredi ya tatu unapanda hadi ya kwanza, na hicho cheti unakibeba popote. Likizo pia ni yako: ukimaliza miezi 12 sheria inakupa siku 21 za kazi zenye malipo, unaweza kuzitumia kujaribu ile biashara unayoiota badala ya kukaa ushago ukiota.

Onyo. Soma mkataba kabla ya kufanya kazi ya pembeni inayofanana na ya bosi wako, na usitumie wateja wake. Hiyo ndio njia ya haraka ya kufukuzwa ukiwa na makosa.

Hatua 6. Ofa ikija, ipime kwa pesa ya mkononi

Wakisema elfu 45, uliza ni kabla ama baada ya makato. Kwa viwango vya 2025, elfu 45 kabla ya makato inatoa NSSF 2,700, SHIF (bima ya afya) ambayo ni asilimia 2.75 inatoa 1,237.50, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 unatoa 675, halafu PAYE (kodi ya mapato) karibu 4,500. Mkononi inabaki kama 35,900, kabla Sacco haijagusa.

Sasa toa fea. Kama leo unatembea kazini na ofa iko Westlands, magari mawili, tuseme 130 kwenda na 130 kurudi, siku 26, hiyo ni 6,760. Nyongeza nyingi nimeziona zikiisha hapo kwa mat.

Uliza pia kuhusu probesheni, ule muda wa majaribio. Sheria inaruhusu hadi miezi sita, na inaweza kuongezwa miezi mingine isiyozidi sita ukikubali. Kwa huo muda notisi ni siku saba tu, kwao na kwako. Usikope ukiwa probesheni!

Hatua 7. Panga pesa ya katikati

Mimi husema miezi mitatu ya renti, chakula na karo, iwe mahali huwezi kuitoa kwa simu ukiwa kitandani. Usiihesabu NSSF humo, hiyo ni ya uzeeni, hawakupi juu umeacha kazi. Afya nayo: mwajiri akiacha kukata SHIF unaendelea mwenyewe kwa SHA, wale wanaosimamia SHIF, kiwango kinapangwa kulingana na kipato cha nyumba yako na hakishuki chini ya 300 kwa mwezi, na asiye na peslipu analipa ya mwaka mzima, kwa hivyo iweke kwa bajeti. HELB wajulishe, deni lao lina faini ukinyamaza.

Hatua 8. Barua

Kabla ya barua, kama kinachokusukuma kinaweza kurekebishwa na bosi, mwambie mara moja, kwa heshima, ukitaja kitu kimoja unachotaka. Wengine hushangaa, hawakujua.

Ikishindikana, andika. Kama ofisi yenu inaandikiana kwa Kiingereza, andika Kiingereza, lakini yaliyomo ni mistari minne tu: naacha nafasi fulani, natoa notisi ya siku kadhaa kulingana na mkataba, siku yangu ya mwisho ni tarehe fulani, niko tayari kukabidhi kazi. Asante, sahihi, tarehe. Yale mateso ya supavaiza usiyaweke hapo, kama una malalamiko rasmi yaandike kwa barua yake. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa, halafu tuma pia kwa barua pepe.

Na usitoe barua mpaka ofa mpya iwe kwa maandishi na imesainiwa. Simu ya "wewe jiandae tu" sio ofa. Hata kama aliyepiga ni binamu yako. Hasa kama ni binamu yako.

Hatua 9. Toka na karatasi zako

Fanya klirensi kwa idara zote, rudisha laptopu, beji, funguo, upate sahihi kila mahali. Dai mshahara wa siku ulizofanya na pesa ya likizo ambayo hukuenda. Dai cheti cha huduma, hicho ni haki yako ukishafanya kazi wiki nne ama zaidi, kinaonyesha ulianza lini, ulimaliza lini na ulifanya kazi gani. Barua ya kukusifu ni kitu kingine, hiyo mwajiri halazimishwi kukuandikia. Na P9, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi yako ya mwaka: ukibadilisha mwajiri katikati ya mwaka utahitaji ya huku na ya kule ukijaza ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30 Juni. Watu hukumbuka hii tarehe 29 saa nne usiku wakinipigia, na kampuni ya zamani imeshahama.

Mambo yakigoma

*Wamekataa kupokea barua.* Kuacha kazi hakuhitaji ruhusa. Tuma kwa barua pepe, weka ushahidi, notisi inahesabika. Endelea kwenda kazini hadi siku ya mwisho.

*Wameongeza mshahara nikae.* Rudi kwa daftari, hatua ya 2. Kama mistari mingi ilisema pesa, sikiliza, lakini iwe kwa maandishi. Kama ilisema mtu, na huyo mtu bado ana ofisi yake pale, unajua mwenyewe.

*Nimetoa barua halafu ofa ikayeyuka.* Nenda kwa HR siku hiyo hiyo uombe kuirudisha, wanaweza kukubali ama kukataa, hawana lazima. Ukingoja wiki watakuwa wameshatangaza nafasi.

*Wananilazimisha nijiuzulu.* Usisaini kitu mezani. Sema utaenda kusoma nyumbani. Kama wanakushtaki kwa kosa, sheria inasema wakueleze sababu wakusikilize ukiwa na mwenzako wa kazi ama mtu wa chama cha wafanyakazi. Wakikutoa bila hiyo, nenda ofisi ya leba, na mahakama ya kazi ina muda wa miaka mitatu, usikae hadi wa nne. Na kama wanasema ni kupunguza wafanyakazi, hiyo ina malipo yake, angalau siku 15 kwa kila mwaka mzima uliofanya. Ukijiuzulu "kwa hiari" umeyatupa.

*Mimi ni kibarua wa kila siku, hii inanihusu?* Ndio, kuliko unavyodhani. Ukifanya siku mfululizo zinazofika mwezi ama zaidi, sheria inakuhesabu kama wa mwezi, na notisi inakuwa ile ya siku 28. Weka rekodi ya siku zako mwenyewe, hata picha ya daftari la geti.

*Nimeamua kukaa lakini roho haitulii.* Hiyo ni kawaida, kukaa pia ni uamuzi na unauma. Andika tarehe miezi sita mbele kwa ukurasa wa mwisho wa daftari, urudie hatua ya 4 siku hiyo, na kwa sasa chukua kitu kimoja tu cha hatua ya 5. Mimi niliyekuambia haya yote nilikaa kazi yangu ya pili miaka minne zaidi ya nilivyopanga, juu ya mama mmoja wa stoo aliyekuwa ananifundisha hesabu za kodi saa ya chakula, na alipostaafu niliandika barua wiki iliyofuata. Siku 28, muhuri, nakala mbili.